Neno Moja, Nanosekunde Mbili

Kuelekea mwisho wa mwaka 2020, kompyuta ndogo kadhaa hapa duniani zilipoteza mtandao kwa sababu ya neno moja. Hazikuungua, hazikuibiwa, hakuna mtu alikata waya. Wenyewe walisasisha kerneli ya Linux, wakazima, wakawasha, na taa ya kebo ya mtandao ikawaka poa kabisa. Ila data haikupita. Neno lenyewe ni rgmii. Lilikuwa limekaa kwa miaka ndani ya faili zinazoelezea bodi hizo, na miaka yote hiyo halikuwa kweli. Hakuna aliyestuka, kwa sababu programu iliyopaswa kulitii haikuwa inalitii. Siku ilipoanza kulitii, ndipo mambo yakaharibika.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo nakula kwa kuandika: leo tangazo la duka la viatu, kesho mwongozo wa kifaa ambacho sijawahi kukishika. Hiyo kazi ya miongozo ndiyo ilinifanya nianze kufuatilia swali moja. Maandishi yakisema hivi na mashine ikifanya vile, nani abadilike? Kumbe wasee wa Linux wamebishana juu ya swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi, hadharani, na barua zao zimehifadhiwa. Nimezisoma nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Tuanze na shida yenyewe. Kompyuta ya mezani inajijua. Ukichomeka kadi kwenye nafasi ya PCI, kadi hujitaja: mimi nimetengenezwa na fulani, nambari yangu ni hii. Simu yako haiko hivyo. Ndani ya chipu ya simu kuna vipande vingi vya maunzi, na vingi havina sauti ya kujitaja. Kipande cha kusoma kadi ya memori kiko kwenye anwani fulani, kinatumia mawimbi ya saa fulani, kinapata umeme kutoka kwa pini fulani, na kerneli haina njia ya kukisia hayo. Ikigusa anwani isiyo na kitu, mashine inaweza kuganda palepale. Kwa hivyo ni lazima mtu aiambie, kwa maandishi, kabla haijagusa chochote.

Kwa chipu za ARM, zile zinazoendesha karibu simu zote, maandishi hayo kwa muda mrefu yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe kwa lugha ya C. Kila bodi ilikuwa na faili lake. Kila bodi ilipewa nambari kwenye orodha iliyosimamiwa na Russell King, mtunzaji wa ARM kwenye Linux. Ukibadilisha pini moja kwenye bodi yako mpya, unaandika faili jipya, unaomba nambari mpya. Wakati bodi zilikuwa chache, hakuna noma. Kisha simu janja zikaja, kila kampuni ikawa na chipu zake na kila chipu na bodi zake, na faili zikazaana kama sungura.

Machi 2011 Linus Torvalds alichoka. Aliandika barua ya hasira akilalamikia ARM yote kwa ujumla: mabadiliko mengi yasiyoisha, watu wanakanyagana kwenye faili zilezile, kila mtu anaandika upya kilichoandikwa na jirani. Lugha aliyotumia siwezi kuirudia mbele ya shangazi yangu. Lakini alikuwa na hoja. Kerneli moja haiwezi kubeba wasifu wa kila simu duniani ndani ya tumbo lake.

Dawa ilikuwepo tayari, tena ya zamani. Kwenye kampuni ya Sun Microsystems, Mitch Bradley alikuwa ameunda programu ya kuwashia mashine iliyokuja kuitwa Open Firmware, na mwaka 1994 ikawa kiwango rasmi cha IEEE nambari 1275. Ilifanya jambo moja la akili sana: kabla ya kukabidhi mashine kwa mfumo endeshi, ilichora maunzi yote kama mti. Shina ni bodi, matawi ni mabasi ya data, na kwenye ncha kuna vifaa, kila kimoja na sifa zake. Apple waliitumia kwenye Mac za PowerPC. Hata zile kompyuta za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC, ambazo wanafunzi wa Rwanda walipewa kwa maelfu, ziliwashwa na Open Firmware, na Bradley mwenyewe alifanya kazi kwenye mradi huo. Kwa hiyo kuna watoto Rwanda waliobeba mti huu kwenye mikoba yao ya shule bila mtu kuwaambia.

Mwaka 2005 Benjamin Herrenschmidt na wenzake wa PowerPC walikata wazo hilo liwe dogo zaidi. Si lazima uwe na Open Firmware nzima, walisema, leta mti tu, umekunjwa ndani ya faili moja, kerneli itausoma. Baada ya kelele za 2011, Grant Likely na wengine wakausukuma mti huo hadi ARM. Leo ukiishika simu ya Android, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba ndani yake kuna mti wa namna hiyo.

Hapa kuna vitu vitatu, na nataka tuvitofautishe kwa sababu hadithi yote iko kati yao. Kuna mti, ambao unaelezea bodi moja. Kuna draiva (si yule wa matatu), kipande cha kerneli kinachosoma tawi lake kwenye mti na kuendesha kifaa. Halafu kuna maelezo rasmi yanayosema ni maneno gani yanaruhusiwa kwenye tawi hilo na kila neno lina maana gani. Hayo nitayaita kamusi. Mwandishi wa mti na mwandishi wa draiva huenda wasikutane maishani. Kamusi ndiyo makubaliano yao.

Kwa miaka mingi kamusi hizo zilikuwa faili za maandishi ya kawaida. Mtu anaandika aya mbili, anaweka mfano, anatuma. Hakuna mashine iliyozisoma, ni macho ya watu tu. Unaweza kukisia kilichofuata. Draiva ilisoma neno ambalo kamusi haikulitaja. Kamusi ilisema sifa fulani ni ya lazima, lakini nusu ya miti haikuwa nayo na vifaa vilifanya kazi vizuri tu. Kamusi iliorodhesha mawimbi ya saa kwa mpangilio mmoja, miti ikayaweka kwa mpangilio mwingine. Mfano wenyewe ndani ya kamusi ulikuwa na makosa, na watu waliunakili.

Oktoba 2013 watunzaji wa ARM walikutana Edinburgh, na moja ya mada kubwa ilikuwa hii: tukishaandika neno kwenye kamusi, tunaweza kulibadilisha? Jibu waliloafikiana, ambalo bado limehifadhiwa ndani ya nyaraka za kerneli, ni kwamba kerneli mpya isiuvunje mti wa zamani. Kamusi inaweza kukua, inaweza kupata maneno mapya, lakini mti ulioandikwa jana lazima ueleweke kesho.

Kwa mtu wa Nairobi sheria hiyo haihitaji falsafa nyingi. Mti mara nyingi hukaa ndani ya kifaa, umechomwa humo na kiwanda, na kiwanda kimeshasahau. Fikiria ruta uliyonunua mkono wa pili, au kile kisanduku cha TV kilichokuja bila jina la maana. Hakuna mtu atakuletea mti mpya. Kama kerneli ya mwaka huu inabadilisha maana ya neno lililoandikwa miaka minane iliyopita, anayeumia ni mwenye kifaa cha zamani. Mwenye cha bei ghali atapata sasisho. Wewe utaambiwa nunua kingine.

Sasa turudi kwa rgmii. Hilo ni jina la njia ambayo kichakataji hutumia kuongea na chipu ya mtandao kwenye bodi. Kwa kasi ya gigabiti moja, saa ya njia hiyo hupiga mara milioni 125 kwa sekunde, na data hupita kwenye kila mpando na kila mshuko wa pigo. Maana yake, kila biti kwenye waya ina nanosekunde 4 tu za kuonekana. Ili isomwe ikiwa imetulia, pigo la saa linapaswa kuchelewa kidogo, kama nanosekunde 2, litue katikati.

Nani analichelewesha? Aliyechora bodi anaweza kuufanya waya wa saa uwe mrefu zaidi, upinde-pinde kama nyoka. Au kichakataji kinaweza kufanya hivyo. Au chipu ya mtandao. Yeyote, ila awe mmoja tu. Wakifanya wawili, au asifanye yeyote, taa inawaka na data inaoza njiani. Ndiyo maana mti una neno la kusema. Ukiandika rgmii, unaiambia chipu ya mtandao isiongeze kuchelewa. Ukiandika rgmii-id, unaiambia iongeze pande zote mbili, ya kutuma na ya kupokea.

Chipu ya Realtek inayoitwa RTL8211E ina njia mbili za kupokea amri hiyo. Ya kwanza ni pini mbili ambazo mtengenezaji wa bodi huzifunga kwa kizuizi cha umeme cha kilo-omu 4.7. Ya pili ni biti chache ndani ya rejista iliyofichwa. Wengi waliotengeneza bodi walifunga pini, kuchelewa kukawepo, mtandao ukapita. Kwenye mti wakaandika rgmii, neno fupi. Halikuwa sahihi, lakini draiva ya wakati huo haikugusa kitu, kwa hiyo nani angejua? Mwaka 2019 draiva ikaongezewa sehemu ya kuweka kuchelewa kwa programu, lakini ikawa inagusa biti ambazo si zenyewe. Bado mtandao ukapita.

Mwaka 2020 mtu akasahihisha biti hizo. Marekebisho mazuri, yanayolingana na nyaraka za chipu. Kwa mara ya kwanza draiva ikasoma neno rgmii kwenye mti na kulifanya kweli: ikazima kuchelewa ambako pini zilikuwa zimewasha. Bodi zikakatika.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea mwaka mmoja kabla, 2019, kwa chipu za familia ya Atheros. Draiva ilisahihishwa, bodi zilizoandika rgmii zikapoteza mtandao, watu wakaenda kubadilisha miti. Kwa hiyo 2020 watu walijua wimbo. Chen-Yu Tsai, mmoja wa watunzaji wa bodi za chipu za Allwinner, alipitia miti ya bodi kama Banana Pi na Cubietruck akiandika rgmii-id mahali pa rgmii. Kwa bodi hizo iliwezekana, kwa sababu miti yake inaishi pamoja na kerneli. Ukisasisha kimoja unasasisha vyote.

Lakini kulikuwa na mashine nyingine, zinazotumia chipu ya SynQuacer ya Socionext. Hizo zilipata maelezo yao kutoka kwa programu ya kuwashia iliyo ndani ya mashine yenyewe, na humo pia neno lilikuwa rgmii. Ard Biesheuvel alilalamika: kifaa kilichofanya kazi jana leo hakifanyi, na mwenyewe hajagusa chochote isipokuwa kerneli. Upande wa pili ulijibu kwamba maelezo yake yalikuwa na kosa tangu mwanzo. Pande zote mbili zilikuwa sawa, manze, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Mwishowe kwa mashine hizo zinapowashwa kwa ACPI, ambayo ni njia nyingine ya kuelezea maunzi, draiva ya mtandao ilifundishwa kulipuuza neno hilo kabisa. Programu ya kuwashia ilikuwa tayari imeiweka chipu sawa, kwa hiyo afadhali kutomsikiliza shahidi anayejulikana kukosea.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nilielewa kitu kuhusu kazi yangu mwenyewe. Kuna mteja mmoja, jina naliacha, alinilipa niandike mwongozo wa mita ya sola kwa Kiswahili. Alinipa nyaraka za kiwanda, kurasa arobaini. Niliomba nione mita yenyewe. Akasema hakuna haja, kila kitu kiko kwa karatasi. Niling'ang'ana mpaka nikaletewa moja. Karatasi ilisema taa nyekundu ni betri imejaa. Mita niliyoshika mkononi ilitoa taa ya kijani ikijaa, na nyekundu ikiisha. Mteja alitaka nifuate karatasi kwa sababu ndiyo iliyoidhinishwa. Mama mwenye duka kule kijijini angesoma mwongozo wangu, aone nyekundu, aende kulala akidhani ana moto wa kutosha hadi asubuhi. Niliandika kijani. Malipo ya mwisho bado nayasubiri.

Wakenya wanaijua kesi hii kwa sura nyingine. Ramani ya usajili inasema mpaka uko hapa, ua wa kayaba uliopandwa na babu unasema uko pale. Sheria yetu ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali wazi kwamba mipaka kwenye ramani ni ya kukadiria, isipokuwa pale ambapo mpaka umepimwa na kuthibitishwa rasmi. Walioiandika walijua kwamba watu wameshajenga, wameshazika, wameshapanda kahawa wakifuata ua.

Ila usifikiri kwamba jibu ni kufuata mashine kila mara, basi. Mwaka 2018 Rob Herring, mtunzaji wa kamusi hizi, alianza kazi ya kuzigeuza zote kutoka maandishi huru hadi skima za YAML, ambazo kompyuta inaweza kuzisoma na kuzilinganisha na miti. Amri moja inakagua kamusi, nyingine inakagua miti dhidi ya kamusi. Kazi hiyo bado inaendelea. Ni faili maelfu, na zinageuzwa moja moja, mara nyingi na watu wa kujitolea na wanafunzi. Kila inapogeuzwa moja, uongo wa zamani unatokeza. Na hapo mgeuzaji hana ruhusa ya kunakili tu. Lazima aende asome draiva, asome miti iliyopo, aone nani anasema nini, kisha aandike kwa nini amechagua alichochagua.

Mara nyingi anabadilisha kamusi ifuate miti na draiva, kwa sababu ndivyo vilivyo mikononi mwa watu. Mara nyingine anagundua kwamba draiva inasoma neno ambalo hakuna mti wowote unalo, na neno linaachwa life. Mara nyingine jina la zamani linabaki lakini linawekewa alama kwamba limepitwa na wakati: bado linaeleweka, mgeni asilitumie. Na kuna kizuizi kimoja ambacho nakipenda. Kamusi inapaswa kuelezea maunzi, isielezee tabia za draiva ya Linux. FreeBSD nayo inasoma miti hii. U-Boot, inayowasha bodi nyingi kabla ya kerneli, inaisoma. Ukikunja maana ya neno lifuate uvivu wa draiva moja, unawadanganya wasomaji wengine ambao huwajui.

Hilo ndilo linalofanya rgmii iwe hadithi isiyoisha. Bodi zilizokosea zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu angeweza kusema, sawa, tubadilishe maana ya neno, tumalize. Hawakufanya hivyo. Maana ilibaki na miti ikasahihishwa, na pale ambapo mti haukuweza kufikiwa, draiva ikabeba mzigo. Mwaka 2025 Andrew Lunn, mmoja wa watunzaji wa sehemu hiyo, aliongeza maelezo marefu kwenye kamusi kufafanua kwamba neno hilo linaeleza bodi: kama waya zenyewe zinaleta kuchelewa au la. Miaka yote hiyo, na bado kuna mtu anakaa chini kueleza nanosekunde mbili kwa lugha ya kawaida, kwa sababu kesho kuna mtu mwingine atachora bodi na kunakili neno kutoka kwa jirani.

Kama unataka kuona kazi hii kwa macho yako, historia ya mabadiliko ya kerneli iko wazi kwa yeyote mwenye bando. Tafuta zile za kugeuza kamusi. Nyingi ni fupi na hazina mbwembwe. Mtu anasema faili la zamani lilitaka kitu kimoja, draiva inakubali viwili, miti yote iliyopo ina viwili, kwa hiyo ameandika viwili. Chini yake kuna jina la aliyeandika na jina la aliyekagua. Halafu inafuata faili nyingine.